Vumbi Lilikuja na Umeme

Wapita njia wanaochungulia karakana yangu hapa Somanda, Bariadi, huamini kwamba useremala na vumbi vilizaliwa siku moja. Mimi nasema sivyo. Useremala wa Usukuma ni wa kale, lakini lile vumbi laini linaloelea hewani tangu asubuhi mpaka jioni, linaloganda kwenye kope na kufanya kohozi kuwa la rangi ya mninga, ni la juzi tu. Lilikuja na mota.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na karakana Bariadi mjini wakati tungali mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012. Alikuwa na randa za mkono, misumeno, patasi, keekee, tezo moja ya kurithi na jiwe la kunolea. Chini ya meza yake palijaa maranda marefu yaliyojikunja, na kina mama wa mtaani walikuja kuyazoa kwa kuwashia moto. Msumeno wa mkono ulitoa unga, naam, lakini wa chembe nzito zilizoanguka miguuni na kubaki hapo hapo. Mzee alifagia mara moja, jioni. Sikuwahi kumwona amefunga kitambaa puani, na hakuwa na sababu ya kukifunga.

Rudi nyuma zaidi, kwa waliochonga vinu, michi, vigoda na ngoma za vyama vya wachezaji vya Wagika na Wagalu, utakuta vumbi limepungua zaidi. Tezo hutoa vibanzi. Aliyechonga ngoma chini ya mti alimaliza kazi akiwa amezungukwa na kuni, siyo na ukungu.

Mbao zenyewe zina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ni ya huzuni. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha ufyekaji mkubwa wa vichaka vya Usukuma ili kuwafukuza mbung'o. Shinyanga pakawa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya Charles Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mifugo iliongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, miti ikaisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, kazi yake kubwa ilikuwa kuwarudisha watu kwenye ngitili, zile sehemu za malisho ambazo wazee wetu walizitenga zipumzike. Ndiyo maana fundi wa Bariadi amezoea kungoja lori. Mninga na mkongo tumezipata kutoka upande wa Tabora na Katavi, paina kutoka Sao Hill kule Mufindi au, kwa jirani zaidi, shamba la Buhindi. Ubao uliosafiri hivyo haufai kuchezewa, na nadhani ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya mafundi wa hapa wazipende mashine: zinakata kwa unyoofu, hazipotezi mbao.

Vifaa vya chuma vya seremala wa kisasa vilifika Ziwa Victoria kwa njia mbili. Wamisionari walitangulia. Kituo cha Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Busega ndani ya mkoa wetu, kilianza miaka ya 1880, na mwaka 1909 kilipokelewa na African Inland Mission. Kusini mwa ziwa, huko Usambiro, Alexander Mackay alikuwa na karakana ya mbao na chuma mpaka alipofariki Februari 1890. Njia ya pili ni reli, iliyofika Mwanza kutokea Tabora mwaka 1928. Nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara na mafundi wa Kihindi, na viwanda vya kuchambua pamba vikazidi kuenea.

Hapo kwenye pamba nataka kukaa kidogo, maana ndiko nilikojifunza kwamba upepo unaweza kuvuta.

Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba, na mtoto wa hapa hukua akisikia mngurumo wa kiwanda kila msimu. Baba yangu alikuwa kibarua kiwandani. Alifanya kazi wakati wa vyama vya ushirika, na biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi miaka ya 1990 bado alikuwapo. Nikimpelekea chakula nilisimama getini nikitazama juu ya paa. Palikuwa na koni kubwa ya bati, pana juu na nyembamba chini, imeunganishwa na bomba nene. Ndani ya kiwanda, pamba mbegu haikubebwa yote kwa mikono: bomba liliinyonya na kuipeleka kwenye rola. Uchafu, vumbi na vipande vya majani vilinyonywa na kusukumwa kwenye ile koni, vikazunguka, vizito vikashuka chini na hewa ikatoka juu.

Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba koni ya namna hiyo, ambayo mafundi wa viwanda huiita saikloni, ilipatiwa hataza Marekani mwaka 1885 kwa jina la John M. Finch, ikikusudiwa vinu vya nafaka. Kabla yake, katika miaka ya 1860, mshona viatu mmoja wa Marekani, Benjamin Franklin Sturtevant, alitengeneza feni za kunyonya. Yeye hakuanza na mbao za fanicha. Alikuwa amebuni mashine ya kupigilia vijiti vya mbao kwenye soli za viatu, na mashine hizo zilirusha vumbi jingi kiasi kwamba ilimbidi atafute namna ya kulitoa. Historia ya feni ya karakana inaanzia kwenye kiatu, na jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Feni na koni havitoshi bila geti la upepo, ule ubao mdogo unaoteleza ndani ya bomba kufungua au kuziba hewa, na nasaba yake ni ya wahunzi. Kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma ya Ulaya na Marekani lilitumika kupunguza na kuongeza pumzi ya moto. Nasi huku hatukuwa wageni wa kutawala pumzi. Warongo wa upande wa Geita walifua majembe yaliyotumika Usukuma na Unyamwezi kulimia, na pia kulipia mahari. Mivukuto yao ya vyungu na ngozi haikuwa na vali. Fundi aliacha mwanya kati ya mdomo wa mvukuto na mrija wa udongo ulioingia tanurini, ili ngozi inapoinuliwa ivute hewa safi ya mwanyani badala ya kuvuta moto. Mwanya ule ulifanya kazi ya vali bila kuwa na kipande chochote cha kuchakaa. Nawaheshimu sana waliogundua jambo hilo.

Sasa umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nyaya zilipozidi kuingia mitaani na vijijini, mashine za mbao zilizifuata. Mashine ya kuranda, msumeno wa meza, mashine ya msasa. Kazi ya kutwa nzima ikawa ya nusu saa. Lakini kisu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika hakikunji maranda, kinasaga. Msasa wa mota ni mbaya kuliko vyote, kwa kuwa chembe zake nyingi ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na hizo ndogo ndizo zinazopita puani zikashuka mapafuni. Ubao wa MDF umeongeza mengine: vumbi lake ni laini zaidi na limechanganyika na gundi ya kiwandani. Mvule huwasha ngozi, mkongo hupigisha chafya, na mninga, mti tunaousifu kuliko yote, wapo mafundi wanaobanwa kifua kila wakiugusa.

Kwamba jambo hili ni zaidi ya kero, Waingereza walilijua kwa kulipia. Mji wa High Wycombe ulisifika kwa viti. Katika miaka ya 1960 daktari wa pua na koo wa huko, Esmé Hadfield, aliona kwamba wagonjwa wake wa aina moja ya saratani ya pua wengi wao walikuwa watengeneza fanicha. Mwaka 1968 yeye, mtafiti Acheson na wenzao walichapisha utafiti uliothibitisha uhusiano huo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hapa nyumbani, Larama Rongo wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu vumbi na matatizo ya kupumua kwa wafanyakazi wa karakana ndogo za mbao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikafuata mwaka 2003. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hatukuambiwa. Tulichokosa ni kifaa ambacho fundi wa mtaani anaweza kukimudu.

Feni ya kunyonya niliipata kwa kuunganisha mota ya nguvu farasi mbili na pangaboi la bati lililotengenezwa na mchomeleaji jirani yangu. Bomba ni lile la plastiki la maji machafu, tunaloliita la inchi nne. Tatizo ni kwamba nina mashine tatu na feni moja. Ili unga wa mbao usafiri ndani ya bomba bila kutua njiani, hewa inahitaji mwendo wa kama mita 20 kwa sekunde. Kwa bomba la inchi nne hiyo ni karibu mita za ujazo 600 kwa saa. Feni yangu inaweza kutoa hizo kwa mashine moja. Nikiacha matawi yote matatu wazi, mwendo unashuka katika kila moja, unga unalala chini ya bomba, na baada ya wiki bomba limeziba. Hapo ndipo geti linapoingia: fungua tawi la mashine inayofanya kazi, ziba mengine. Kipande cha mbao cha kuokota kinaifanya feni ndogo ihudumie karakana nzima.

Kuyatengeneza mageti ni kazi ya mchana mmoja. Unakata vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 12, unatoboa kila kimoja tundu la kukaza bomba. Kati yake unaweka vibanzi viwili vya plaiwudi ya milimita 6, kimoja kila upande, na ndani yake unapitisha ulimi, ambao ni plaiwudi hiyo hiyo ya milimita 6. Chini ya kila kibanzi naongeza kipande cha karatasi ya manila ili ulimi usibanwe. Ulimi nausugua mshumaa, siyo grisi, maana grisi hushika unga ukawa ugali.

Mageti mengi niliyoyaona mwanzoni yalikuwa na kibanzi cha tatu upande wa mwisho, kuuzuia ulimi usipitilize. Kwa macho yanapendeza. Kwa kazi hayadumu, kwa sababu kila unapofunga, ulimi unausukuma unga kwenye ile kona, unga unashindiliwa, na siku zinavyokwenda ulimi haufiki mwisho. Unabaki mwanya, na mwanya unapiga mluzi. Dawa ni kuacha mwisho wazi na kuufanya ulimi kuwa mrefu: nusu yake haina tundu, nusu nyingine ina tundu lililo sawa na bomba. Ukiusukuma huku unafungua, ukiusukuma kule unafunga, na kila safari unatema unga nje. Vijiti viwili vya skrubu huuzuia usichomoke.

Mahali pa kuliweka geti ni suala la kubishania. Vitabu hupenda geti liwe karibu na bomba kuu, ili tawi lililofungwa lisiwe mfuko wa unga. Mimi naliweka pale mkono unapofika bila kuacha mashine, kwa kuwa geti lisilofikika halifungwi na mtu yeyote. Kijana wangu wa kazi aliwahi kuniuliza, "Fundi, kwa nini hili la mashine ya kuranda linateleza kwa ubavu, mengine juu na chini?" Mashine ya kuranda inatikisika. Ulimi unaosimama wima hushuka wenyewe kidogo kidogo kwa mtikisiko, na unapogundua, nusu ya upepo imeshakatika.

Jiwe la kunolea la umeme halina tawi kwenye bomba langu na halitapata. Cheche moja ndani ya pipa la unga mkavu ni moto.

Nchi za baridi huchuja hewa na kuirudisha ndani, kwa kuwa wamelipia kuipasha joto, na vichujio vyao ni ghali. Sisi jua tunalipata bure. Hewa yangu inapita kwenye saikloni ya pipa la bati, ndogo ya ile niliyoitazama utotoni, halafu inatoka nje kwa bomba lililopita juu ya paa, mbali na madirisha ya majirani. Maranda ya paina yanayobaki pipani yanachukuliwa na wafuga kuku kwa ajili ya kutandika bandani. Ya mninga, mvule na MDF nayaweka gunia tofauti, na gunia hilo simpi mtu wa kuku hata akiomba. Kwenye mashine ya msasa barakoa bado tunavaa, geti likiwa wazi kabisa, kwa sababu unga unaotoka juu ya ubao haufiki wote mdomoni mwa bomba. Hivi sasa tunajaribu kofia pana ya bati juu ya meza ya msasa, na geti lake litahitaji tundu la inchi sita.