Anayengoja Cheki

Mwaka 1996 baba yangu aliuza magunia 40 ya mahindi akalipwa karatasi moja.

Tuliishi karibu na Kamukuywa, mahali ambapo ukisimama barabarani unaweza kushika matatu ya kwenda Kitale ama ya kupitia Kimilili hadi Bungoma. Mnunuzi alikuja na lori, akapima, vijana wake wakapakia. Halafu akatoa kitabu kirefu chembamba kwenye mfuko wa koti, akaandika akiwa ameegemea boneti. Alichana ukurasa, akapuliza wino, akampa baba kwa mikono miwili. Baba naye akaupokea kwa mikono miwili. Jina la mnunuzi nitaliacha. Usiku ule cheki ililala ndani ya Biblia, nami nililala nikijua kwamba karo imepatikana.

Akaunti ya baba ilikuwa Bungoma. Karani aliigeuzageuza ile karatasi.

“Mzee, hii ni ya benki ya Kitale. Itabidi ungoje.”

“Ningoje mpaka lini, kijana wangu?”

“Upitie wiki ijayo.”

Alipitia wiki hiyo, na iliyofuata. Mara ya tatu alirudishiwa karatasi yake ikiwa na maneno machache ya Kiingereza ya kumwambia amrudie aliyeiandika. Na kwa kazi hiyo ya kuambiwa hapana, akaunti yake ikakatwa ada. Mimi nilikaa nyumbani muhula mzima nikichunga ng'ombe.

Kwa miaka mingi niliichukulia hiyo kuwa hadithi ya mwizi mmoja mwenye koti. Siku hizi naiona tofauti. Tangu cheki ifike pande hizi, swali lake limekuwa moja: ni nani anayengoja, na ni nani anayengojwa?

*

Redioni wanasema hundi. Sisi huku tunasema cheki. Hundi ndilo neno la zamani zaidi, na lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, waliokuwa wakitumiana karatasi za ahadi ya malipo badala ya kubeba fedha baharini. Biashara ya Zanzibar katika karne ya 19 ilisimama juu ya mikopo ya namna hiyo. Misafara ya Tippu Tip ya kwenda Kongo iligharimiwa na matajiri wa Zanzibar, na mmoja wao mkubwa alikuwa Taria Topan. Bidhaa zilitoka kwa mkopo, pembe zikaja kulipa.

Karatasi ya namna hiyo ilitembea kwa sababu watu walijuana. Aliyekataa kuilipa aliharibu jina lake kwa wenzake wa biashara na kwa watu wa nyumbani kwao. Cheki ya benki ni ndugu wa hundi hiyo, ila katikati pamewekwa mtu wa tatu. Mimi sikujui, wewe hunijui, lakini benki inatujua sote. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, kwa sababu lazima uulize: benki inamjua nani?

Huku kwetu jibu lilikuwa wazi. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, Standard Bank ikafuata mwaka 1911, na Barclays ikaingia miaka ya 1920. Zilipopanda bara zilifuata reli na mashamba ya wazungu. Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao askari waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, chini ya mpango wa mwaka 1919. Reli ilipofika Kitale katikati ya miaka ya 1920, mji ulikuwa tayari ni mji wa mahindi na madeni.

Tusidhani mlowezi alikuwa na pesa. Wengi waliishi kwa mkopo wa benki kuanzia kupanda hadi kuvuna. Mwaka 1920 serikali ilipoipandisha rupia na kuifunga kwenye shilingi 2 za Kiingereza, kutoka shilingi 1 na peni 4, waliokuwa na madeni ya rupia walijikuta wanadaiwa nusu zaidi kwa hesabu ya pauni, na huku mazao yao yanauzwa London kwa pauni. Walilia sana. Lakini hata akiwa na deni, mlowezi aliweza kuandika jina lake kwenye karatasi na mwenye duka akampa unga, misumari na mafuta ya taa. Sahihi yake ilikuwa pesa.

Kuka, yaani babu yangu mzaa baba, alifanya kazi kwenye shamba moja upande wa Kiminini. Wabukusu wengi walivuka kwenda huko kama maskwota, kwa sheria ya mwaka 1918 iliyomtaka skwota kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Yeye pia alikuwa na karatasi zake. Ya kwanza ilikuwa kipande, kilichoanza kutumika kwa nguvu karibu mwaka 1920, kikavaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ndani yake mliandikwa jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na ruhusa ya kuondoka. Ya pili ilikuwa tikiti ya kazi, yenye nafasi za siku 30. Ukifanya kazi leo, unawekewa alama. Ukiugua, hakuna alama. Mwezi wa tikiti haukuwa mwezi wa kalenda. Mtu angeweza kuimaliza tikiti moja kwa wiki sita, na mshahara ulikuja alama zikitimia.

Hebu ziweke karatasi hizo pamoja, cheki ya bwana shamba na tikiti ya kuka. Zote mbili ni ahadi za pesa. Ila cheki ilimpa mwandishi muda: chukua mali leo, pesa itatoka kesho. Tikiti ilimnyima mfanyakazi muda huohuo: toa jasho leo, pesa utaiona siku 30 zikijaa. Mmoja aliaminiwa kabla ya kulipa, mwingine hakulipwa mpaka athibitishe. Juu ya hayo kulikuwa na sheria za kudhibiti mikopo kwa Waafrika, zilizofanya deni la Mwafrika linalozidi kiasi kidogo lisiweze kudaiwa mahakamani pasipo idhini ya afisa wa serikali. Waliotunga walisema wanamlinda. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara mwenye akili hakumkopesha, na sahihi yake haikuwa na thamani dukani.

*

Uhuru ulikuja na mashamba yakaanza kununuliwa. Watu wa Bungoma walichanga pesa taslimu, noti zilizofungwa kwenye leso, wakaingia kwenye vyama na kampuni za kununua ardhi Trans Nzoia. Mwaka 1966 shilingi ya Kenya ilianza kutolewa na Benki Kuu mpya, na mwaka 1970 serikali ikachukua sehemu kubwa ya benki iliyotokana na ile ya National Bank of India, ikaitwa Kenya Commercial Bank. Mwafrika sasa aliingia benki kwa mlango wa mbele.

Lakini tazama aliingia kama nani. Mkulima wa mahindi aliuzia bodi ya serikali. Mkulima wa miwa, tangu Nzoia Sugar ianze kusaga mwaka 1978, aliuzia kiwanda. Mkulima wa kahawa kule Kimilili na Chwele aliuzia chama cha ushirika. Wote walikuja kuijua cheki kwa upande wa kupokea. Kitabu chenyewe, kile cha kuandikia, kilibaki kwa wachache. Mtu angeweza kupokea cheki miaka 20 na asiandike hata moja.

Na hata ukiwa nacho, si kila mlango ulikikubali. Waliosoma sekondari miaka ile wanaikumbuka barua ya kujiunga na shule: godoro, ndoo, sare, na karo kwa bankers cheque ama money order. Cheki ya mtu binafsi haikubaliwi. Kwa hiyo mzazi aliyelipwa kwa cheki alingoja ikomae, akatoa pesa, halafu akapanga foleni tena kununua cheki nyingine ambayo benki yenyewe imesimama nayo. Shule ilikataa kungoja. Mzazi ndiye aliyengoja kwa niaba ya kila mtu.

Kisha, mwishoni mwa mwaka 1993, vizuizi vya kusafirisha mahindi kutoka wilaya hadi wilaya viliondolewa. Wanunuzi wa binafsi walijaa barabara yetu. Wengine walikuja na pesa mkononi na bei ya chini. Wengine walikuja na bei nzuri na cheki. Huo ndio uchaguzi aliokuwa nao baba siku ile: pesa kidogo sasa hivi ama pesa nzuri kwenye karatasi. Alichagua karatasi kwa sababu ya karo. Majirani walisema tamaa. Mimi nasema alifanya hesabu ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza alitendewa kama anayeaminika, naye akaamini.

Siku hizi kifungu cha 316A cha Sheria ya Adhabu kinamhesabu anayetoa cheki isiyo na pesa kuwa mkosaji wa jinai. Faini yake haizidi shilingi 50,000, na kifungo hakizidi mwaka mmoja. Ni sawa. Ila muhula ukishapita, umepita.

*

Mwisho wa cheki ulikuja haraka. M-Pesa ilizinduliwa mwezi Machi 2007. Mwaka 2009 cheki za zaidi ya shilingi milioni 1 zilipigwa marufuku, malipo makubwa yakahamia kwenye mfumo wa benki wa papo kwa papo. Mwaka 2011 benki ziliacha kusafirishiana karatasi zenyewe, zikawa zinatumiana picha zake, na ile safari ya cheki ya Kitale kwenda na kurudi ikafupika kuwa siku chache. Kadi nazo zilikuja, lakini sokoni Kitale kadi ni ya kutolea pesa kwenye mashine. Ya kununulia ni simu. Mama wa nyanya ana namba yake ya till imebandikwa kwenye mwavuli.

Cheki bado iko, ukiitafuta. Iko kwenye basari ya CDF, inayokwenda shuleni kwa jina la mwanafunzi. Na iko kwenye harambee, ile hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, inayoshikwa na watu wanne mbele ya kamera. Hiyo ndiyo cheki pekee ambayo kila mtu anafurahi kupigwa picha nayo, na hakuna benki itakayoilipa.

Tulidhani karatasi ndiyo iliyotuchelewesha. Basi karatasi imekwisha, na msimu wa 2017 wakulima wa Bonde la Ufa walipeleka mahindi kwa Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, kwa bei ya shilingi 3,200 kwa gunia. Mwaka 2018 wengi walikuwa bado wanadai, mabilioni ya shilingi, huku kashfa ya wafanyabiashara waliolipwa kabla yao ikijaa magazetini. Wakulima wa miwa nao wanajua kungoja huko. Pesa inaweza kufika kwa sekunde tatu. Ila lazima kwanza mtu aamue kuituma, na mtu huyo bado hana haraka.

Baba sasa ni mzee. Msimu uliopita aliuza magunia 15. Lori lilipakiwa, mnunuzi akabonyeza simu, na ya baba ikalia. Baba akasoma meseji, lakini hakuondoka mbele ya lori.

“Mzee, si imeingia?” mnunuzi akauliza.

“Imeingia, kijana wangu. Lakini ngoja kidogo.”

Akavaa miwani, akaangalia salio lake mwenyewe, polepole, namba baada ya namba, kwa sababu amesikia kuhusu meseji feki. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Akaizima. Wote wakakaa kimya juani, wakimngoja baba.