Kidude cha wayafai Kifungilo, na deni la watu tusiowajua

Najua nilipotea kidogo. Nilikuwa Kifungilo, huko Lushoto, kwa mjomba wangu. Wanaoijua barabara ya kupanda kutoka Mombo kupita Soni wanajua kwamba ukifika juu unavaa sweta na kulisahau joto la Dar. Nilidhani naenda kupumzika. Kumbe mjomba alikuwa ameshaniandalia kazi!

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Sebuleni ana kompyuta ya mezani ya zamani, ambayo Windows yake ilikufa kwa virusi, nami nikamwekea Linux. Jioni watoto wa majirani huja kujisomea pale. Sasa jirani mmoja amepata ruta ya intaneti na amekubali mjomba aitumie pia, ili watoto wasome vitabu vya kiada vilivyowekwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Tatizo ni kwamba kompyuta ile haina wayafai. Nikanunua kidude cha USB Kariakoo, kidogo kama ukucha wa dole gumba, nikapanda nacho mlimani.

Ijumaa jioni nikakichomeka. Kimya. Watoto wanne wamesimama nyuma yangu, mjomba ananitazama juu ya miwani.

"Vipi mjomba, mbona hakisemi kitu?"

Nilitakiwa kuondoka Jumapili. Nikamwambia ukweli: kosa si lake, wala si la kompyuta yake. Hadithi hii ni ndefu kuliko kidude chenyewe. Hebu niwasimulie na ninyi.

Kila kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta huhitaji programu ya kukiendesha, yaani kiendeshi, au draiva kama wasemavyo mafundi wetu. Kiendeshi ndicho kinachojua lugha ya ile chipu iliyomo ndani. Linus Torvalds alipoitoa Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, kompyuta hazikuwa na wayafai. Kiwango cha kwanza cha mtandao huo usio na waya kilitoka mwaka 1997, na cha pili, kilichoufanya uenee majumbani, mwaka 1999. Baada ya hapo chipu zikamiminika sokoni, na kampuni nyingi ziliandika kiendeshi cha Windows tu. Maelezo ya jinsi chipu inavyofanya kazi yakafungiwa kabatini. Mtu wa Linux alikuwa amenunua kifaa kwa fedha yake, lakini hakuruhusiwa kujua lugha yake!

Watu walifanyaje? Njia ya kwanza ilikuwa ya ujanja. Mwaka 2003 ulianza mradi ulioitwa ndiswrapper. Huu ulikichukua kiendeshi cha Windows na kukidanganya kwamba kipo ndani ya Windows, kumbe kipo Linux. Ilifanya kazi, ila ilikuwa kama kumwendesha punda kwa amri za ng'ombe. Siku punda akigoma huna la kufanya, maana huwezi kuangalia ndani ya kiendeshi chenyewe.

Njia ya pili ilikuwa ya jasho. Chipu za Broadcom zilikuwa kwenye kompyuta nyingi za mapajani, na Linux haikuwa na kiendeshi chake. Wakajitokeza watu waliojigawa makundi mawili. Kundi moja lilikichambua kiendeshi kilichofungwa na kuandika kwa maneno ya kawaida chipu inafanya nini. Kundi la pili halikukigusa kiendeshi kile hata kidogo. Lilisoma maelezo yale tu, kisha likaandika programu mpya, ili mtu asije kusema wamenakili. Kazi hiyo iliingia kwenye kiini cha Linux mwezi Juni 2006. Broadcom yenyewe ilikuja kutoa kiendeshi cha wazi mwaka 2010, miaka minne baadaye.

Njia ya tatu ilikuwa ya kampuni kufungua mlango. Ralink ilitoa programu za viendeshi vyake kwa leseni huria, wataalamu wa kujitolea wakazichukua na kuziandika upya vizuri zaidi. Viendeshi hivyo, rt2x00, viliingia kwenye Linux Januari 2008. Atheros nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2008. Ndiyo maana vidude vingine vya zamani ukivichomeka leo vinawaka mara moja, bila diski wala maneno.

Katika historia hii yote kuna jina moja ambalo ningependa mlikumbuke: Larry Finger, Mmarekani. Alianza na zile chipu za Broadcom, akaendelea na za Realtek, na kwa karibu miaka ishirini aliwajibu watu waliokwama kama mimi. Alifariki Juni 2024 akiwa na zaidi ya miaka themanini. Hebu fikiria, mzee wa umri wa babu, anarekebisha viendeshi ili mtu asiyemjua, kwenye mlima asioujua, apate mtandao!

Haya, turudi sebuleni.

Niliandika amri ya lsusb, inayoorodhesha kila kilichochomekwa kwenye USB. Ajabu! Kompyuta haikuona wayafai. Iliona diski ya CD. Kumbe baadhi ya vidude hivi hujifanya CD kwanza, ndani yake mkiwa na kiendeshi cha Windows, na hugeuka kuwa wayafai baada ya CD hiyo "kutolewa". Ipo programu ya Linux ya kuvigeuza, inaitwa usb_modeswitch. Nikakigeuza. Sasa kikaonekana ni wayafai, lakini bado hakikuwa na kiendeshi, kwa sababu Linux ya mjomba ilikuwa na kiini namba 5.15. Viendeshi vya chipu za aina hii kwa upande wa USB viliingia kwenye namba 6.2, iliyotoka Februari 2023.

Kwa hiyo dawa ilikuwa kupakua kiini kipya. Ili kupakua unahitaji mtandao. Ili kupata mtandao unahitaji kiini kipya. Kuku na yai!

Simu ndiyo iliyoniokoa. Niliichomeka kwa waya wake wa kuchajia na kuwasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama waya wa mtandao, bila kuomba kiendeshi kingine. Bando langu likateketea, kiini kikashuka, tukazima na kuwasha upya, nikakigeuza tena kidude. Taa ndogo ya bluu ikaanza kupepesa. Jina la ruta ya jirani likatokea. Watoto wakapiga makofi, na mmoja wao, wa kidato cha tatu, akanisogeza kwa adabu nimpishe kwenye kiti. Alikuwa anatafuta kitabu cha Fizikia.

Mjomba hakupiga makofi. Aliuliza, "Na ukiondoka, kikizima tena, nani atakumbuka hayo yote? Maandishi yenyewe ya Kiingereza."

Swali zuri. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Walionyesha kwamba inawezekana. Lakini ule ujumbe wa makosa unaokutokea kidude kinapogoma, bado unakuja kwa Kiingereza. Chipu ilifungiwa na waliotengeneza. Maelezo ya kuifungua nayo yamefungiwa katika lugha ambayo watoto wale wanajifunza kwa shida.

Jumamosi usiku mjomba akachukua daftari la shule na kuniamuru nimtajie hatua zote, moja baada ya nyingine, naye akaziandika kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wa walimu wa zamani. Zilikuwa hatua tisa. Nilipotaja neno asilolielewa alikataa kuliandika mpaka nilieleze vizuri. Maneno mawili nilishindwa kuyaeleza, nikagundua kwamba hata mimi nilikuwa nayakariri tu!

Karatasi ile imebandikwa ubavuni mwa kompyuta, Kifungilo. Nami nimenakili hatua zile tisa, nitawawekea hapa wiki ijayo panapo majaliwa.