Herufi Tano za Omaha

Mtunzi wa shairi hupima mizani. Mtunzi wa fumbo la miraba la Kiingereza huhesabu herufi. Ng'ombe wetu huandikwa kwa herufi sita, lakini akiingia katika ukwapi au utao ni mizani mbili tu, kwa kuwa sisi twalipima neno kwa namna linavyotamkika. Mwenzetu halijali sikio. Akitaka neno la herufi tano, lenye M mahali pa pili na H mahali pa nne, hana budi alipate neno hilo na si jingine, maana herufi hizo mbili zimekwisha kufungwa na maneno yanayoshuka kutoka juu. Kwetu kazi hiyo ingekuwa na wepesi wake na ugumu wake: maneno yetu ya asili humalizikia irabu, hata ukingo wa kulia na ukingo wa chini wa fumbo ungejaa irabu tupu. Kiingereza humalizia kwa herufi yoyote, na ndipo mchezo ulipopata nafasi ya kukua.

Aliyeuanzisha mchezo huu katika sura tuijuayo ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani. Fumbo lake la kwanza lilitoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, nalo lilikuwa na umbo la almasi. Uingereza ilichelewa, kisha ikalewa. Gazeti la Daily Telegraph lilianza kuchapa mafumbo yake mwaka 1925, na mtungaji wake wa mwanzo alikuwa mwalimu wa shule, Leonard Dawe. Kufikia Vita Kuu ya Pili mchezo ulikuwa umekwisha kuheshimiwa kiasi cha kwamba, mwezi Januari 1942, gazeti hilo liliwaita wasomaji waje kufumbua fumbo kwa muda usiozidi dakika 12, na baadhi yao baadaye wakaandikiwa barua za siri kuitwa kwenye kazi ya kuvunja maandishi ya fumbo ya Wajerumani.

Basi serikali iliyowatafuta mafundi wa mafumbo ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kuwaogopa. Tarehe 17 Agosti 1942 jina la Dieppe, bandari ya Ufaransa, lilitokea miongoni mwa majibu ya fumbo la Telegraph. Siku mbili baadaye majeshi, wengi wao Wakanada, yakaishambulia Dieppe, na Wakanada zaidi ya 900 wakafa. Uchunguzi ukafanywa, ikaamuliwa kwamba ni sadfa.

Haya ya 1944 ndiyo yaliyowatoa watu jasho. Majeshi ya Washirika yalikuwa yakijiandaa kuvuka bahari kuingia Normandy, na kila jambo lilikuwa na jina lake la siri. Mwezi Mei jibu moja likatoka: UTAH, herufi nne, kwa kidokezo kilichotaja tu mojawapo ya majimbo ya Marekani. Utah lilikuwa jina la siri la ufuo mmoja wa kuteremkia. Tarehe 22 likaja OMAHA, ufuo wa pili. Tarehe 27, OVERLORD, jina la operesheni yenyewe. Tarehe 30, MULBERRY, mti wa mforosadi ambao watoto wa Kiingereza huuzunguka wakiimba. Lakini kwa majemadari lilikuwa jina la bandari za kuundwa na kukokotwa baharini. Tarehe mosi Juni, NEPTUNE, mungu wa bahari ashikaye mkuki wa ncha tatu kama aushikavyo Britannia. Nalo ni jina la upande wa baharini wa operesheni. Meli ziling'oa nanga, askari wakateremka ufuoni tarehe 6 Juni.

Maofisa wa usalama walimwendea Dawe kabla ya siku hiyo. Wakati huo alikuwa mkuu wa Strand School, shule ya London iliyohamishiwa Effingham, Surrey, kwa kukwepa mabomu. Walimhoji wakamgeuza nje ndani, wasione kitu, wakamwachia. Mwaka 1958 aliisimulia habari hiyo katika BBC, akashikilia kwamba hakuyajua maana ya maneno yale zaidi ya yaliyomo kamusini.

Hadithi ingeishia hapo, lakini mwaka 1984 mtu aitwaye Ronald French, aliyekuwa mwanafunzi wa Dawe, alijitokeza akasema ni yeye aliyeyatia maneno hayo. Dawe, alieleza, alikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi miraba mitupu waijaze maneno, kisha yeye akatunga vidokezo. Karibu na shule palikuwa na kambi za askari, na mvulana alikuwa akishinda huko, akiyasikia majina hayo na kuyaandika daftarini. Baada ya mahojiano Dawe alimwita, akaliona daftari, akamwamuru alichome moto na kumwapisha kwa Biblia asinene.

Wako wasiomsadiki, nami nina shaka yangu: itakuwaje jina la operesheni kubwa kama ile lizagae kambini mbele ya watoto? Lakini huenda jina hutembea pasipo maana yake. Askari aweza kulitaja bila kujua ni la nini. Na ile desturi ya Dawe naisadiki bila taabu. Wangapi kati yetu huviweka vina kwanza, tukarudi nyuma kuutafuta mshororo wa kuvifikia? Neno likishakaa mwishoni, maana hulifuata. Dawe aliletewa OMAHA imekaa tayari katika nafasi zake tano, kazi yake ikawa kulitafutia kidokezo; akaona kabila la Wahindi Wekundu kando ya mto Missouri, akaandika hivyo, akapeleka gazetini.

Hizo siku 40 za mahojiano na wasiwasi hazikuwako. Mambo yote, kutoka Utah hadi Neptune, yalipita katika mwezi mmoja. Dawe alifariki mwaka 1963, miaka 21 kabla ya French kufungua kinywa, na daftari lilikuwa limekwisha kuwa jivu.