Historia ya utapeli yaonyesha lugha ndiyo mlango wa wakora

WAKENYA wengi wenye simu wamewahi kupokea ujumbe huu au mwingine unaofanana nao: "Hiyo pesa itume kwa hii namba. Ile nyingine ina shida." Hauna jina la mtumaji. Hautaji kiasi. Hauelezi pesa zenyewe ni za nini. Kwa mizani tunayotumia kusahihisha insha vyuoni, ni maandishi mabovu ambayo mwalimu angeyarudisha yakiwa yamejaa wino mwekundu. Hata hivyo, ujumbe huo umekomba karo za watoto, umekausha akiba za vyama na kuwaliza watu wenye shahada kadhaa. Sentensi mbovu kama hii ilipata wapi nguvu hizo?

Jibu la haraka huwa ni kwamba teknolojia imetuzidi akili. Sikubaliani nalo. Ukifuatilia historia ya ulaghai wa barua, wa kompyuta na hatimaye wa simu, utaona vyombo vikibadilika kila kizazi ilhali mbinu ya lugha imesalia ileile. Mkora huandika nusu ya habari, na msomaji humkamilishia nusu iliyobaki.

Tuanzie Ufaransa. Eugène François Vidocq alikuwa mhalifu na mfungwa kabla ya kugeuka na kuongoza kikosi cha upelelezi jijini Paris mapema katika karne ya 19. Katika maandishi yake alieleza kuhusu "barua za Yerusalemu" zilizokuwa zikiandikwa na wafungwa. Mwandishi wa barua alijifanya mtumishi wa bwana tajiri aliyekimbia Mapinduzi ya Ufaransa. Njiani, ati, iliwabidi wafiche kasha lenye dhahabu na almasi. Sasa mtumishi huyo yuko kizuizini, na anahitaji pesa kidogo tu ili aweze kulirudia kasha hilo na kugawana mali na mfadhili wake. Vidocq alidai kuwa katika kila barua 100, zipatazo 20 zilijibiwa. Kumbuka hakukuwa na umeme, sembuse intaneti. Palikuwa na kalamu, wino na mtu aliyefungiwa gerezani. Msomaji wa Kenya atatabasamu hapa, kwa sababu magazeti yetu yameripoti mara nyingi kuhusu jumbe za simu zinazotoka magerezani, hata mitaani mkora wa simu akabandikwa jina "mtu wa Kamiti."

Baadaye kisa kilihamia Uhispania, mtumishi akawa mfungwa wa kisiasa, na barua zikavuka bahari hadi Marekani. Mnamo 1898 gazeti la New York Times lilipouandikia ulaghai huo, tayari liliuona kuwa wa kale. Kuanzia miaka ya 1980, bei ya mafuta ilipoporomoka na maisha kuwa magumu Nigeria, barua za aina hiyohiyo zikaanza kutoka huko kwa posta, kwa faksi na kisha kwa baruapepe. Mrithi wa jenerali aliyekufa akachukua nafasi ya mfungwa wa Uhispania. Jina "419" tunalolitumia hadi leo ni nambari ya kifungu cha kanuni ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Nigeria imebebeshwa lawama nyingi kwa hadithi ambayo haikuitunga.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Desemba 1989, na kina mkono wa Kenya ndani yake. Disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London hadi nchi nyingi duniani. Miongoni mwa waliozipokea walikuwa wasomaji wa jarida moja la kompyuta na watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu Ukimwi. Disketi zilikuwa na maandishi yaliyodai kwamba ndani mna habari kuhusu ugonjwa huo. Nani wakati ule angekataa kusoma habari za Ukimwi? Tuliokuwa watu wazima miaka hiyo tunakumbuka hofu iliyokuwako, na jinsi karatasi yoyote yenye jina hilo ilivyosomwa kwa pupa.

Programu hiyo kweli ilitoa habari na kumuuliza mtumiaji maswali kuhusu mwenendo wake. Kisha ikakaa kimya ikihesabu. Kompyuta ilipowashwa kwa mara ya 90 hivi, majina ya faili yalivurugwa yasisomeke, na kwenye kioo pakatokea ankara: dola 189 zitumwe kwa sanduku la posta nchini Panama. Huo ndio unaohesabiwa kuwa ulaghai wa kwanza wa kuteka faili za kompyuta na kudai kikombozi. Aliyeshtakiwa ni Dkt Joseph Popp, Mmarekani aliyesomea Harvard na ambaye aliwahi kutafiti maisha ya nyani hapa Kenya. Taarifa za kukamatwa kwake zinasema kwamba alianza kutiliwa shaka katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, akitoka Nairobi kwenye kongamano la Ukimwi. Aliandika kwenye mzigo wa abiria mwenzake kwamba Dkt Popp ametiliwa sumu. Alipelekwa Uingereza kushtakiwa, lakini mwaka 1991 ikaamuliwa kuwa hali yake ya akili haimruhusu kusimama kizimbani.

Mambo mawili katika kisa hicho yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni kwamba disketi iliandamana na karatasi ya masharti, na karatasi hiyo ilisema wazi kwamba asiyelipa atakuta programu zake nyingine zimeathirika. Yaani mkora alionya! Ila alionya kwa herufi ndogo na kwa lugha ya kisheria, akijua fika kwamba hakuna atakayesoma. Sisi wenyewe leo tunabonyeza "nakubali" chini ya kurasa nzima za masharti bila kusoma hata aya moja.

La pili linauma zaidi. Programu ile ilivuruga majina ya faili tu. Yaliyomo ndani yake yalikuwa salama, na haukupita muda mrefu wataalamu wakatoa tiba bila malipo. Lakini kuna waliokwisha kufuta kila kitu kwa kihoro. Inaripotiwa kwamba shirika moja la Italia lililoshughulikia Ukimwi lilipoteza kazi ya miaka 10 kwa njia hiyo. Hasara hiyo ilitokana na hofu ya msomaji. Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi wangu wa uzamili, ambao tasnifu zao zimo kwenye kipakatalishi kimoja kilichopasuka kioo: weka nakala ya pili mahali pengine, na kompyuta ikikutolea tishio, ondoa mikono kwenye kibodi kwanza.

Mwishoni mwa muongo huohuo neno virusi lilikuwa limeshaanza kuhusishwa na kompyuta. Kiswahili kililifanyia neno hili jambo la kupendeza. Tulilipokea kutoka kwa Kiingereza likiwa na silabi "vi" mwanzoni, masikio yetu yakaisikia kama kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, basi tukajitengenezea umoja wake, kirusi. Wapo wanaolalamika kwamba hilo ni kosa. Mimi naona ni ushahidi kwamba wazungumzaji wa lugha hawakubali kupokea nusu ya neno. Huikamilisha wenyewe kwa yale wanayoyajua. Na hapo hasa ndipo mkora hututegea.

Tazama yaliyotokea tarehe 4 Mei 2000. Kutoka Manila, Ufilipino, ilienea baruapepe yenye kichwa cha kusema "nakupenda", ikiambatana na faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Walimu wa sarufi tunajua kwamba kiambishi tamati kinaweza kugeuza maana yote ya neno. Kiambishi tamati cha faili hii kilikuwa "vbs", yaani programu itakayotekelezwa. Lakini Windows ilikuwa na desturi ya kuficha kiambishi cha mwisho, kwa hivyo mtumiaji aliona "TXT" na kudhani ni maandishi matupu. Alipoifungua, ikaharibu faili zake na kujituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yake ya anwani. Ndipo barua ya mapenzi ikawafikia watu kutoka kwa bosi, kwa shemeji, kwa mhasibu. Bunge la Uingereza lililazimika kufunga mfumo wake wa baruapepe. Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshtaki mhusika. Ilipitisha sheria mwezi uliofuata, ambayo haikuweza kurudi nyuma kumnasa.

M-Pesa ilipoanza hapa kwetu Machi 2007, chombo kikabadilika tena. Turudi basi kwenye ujumbe wa mwanzo na tuuchanganue kisarufi. Maneno kumi, na ndani yake viashiria vitatu: hiyo, hii na ile. Tena vyote vimetangulia nomino au kivumishi chake. Katika Kiswahili, kiashiria kikitangulia nomino mara nyingi huashiria kitu ambacho wasemaji wanakijua tayari. Ukisema "pesa hiyo" waweza kuwa unaonyesha. Ukisema "hiyo pesa", tayari tumeizungumzia mimi na wewe. Mkora hajazungumza nawe chochote. Amekopa tu sarufi ya watu wanaojuana.

Jirani yangu kijijini, mama wa makamo anayeuza mboga, alipokea ujumbe huo Januari, jioni ileile aliyomwahidi mwanawe wa chuoni Sh18,000. Alituma. Nilipomuuliza mbona hakupiga simu kwanza, alinijibu, "Mwalimu, nani mwingine angejua juu ya hiyo pesa?" Hakuna aliyejua. Ujumbe ulitumwa kwa watu wengi, na kwa kuwa ilikuwa Januari, msimu wa karo, haukosi kuwakuta baadhi yao wakiwa na deni kama lake. Hesabu ni ileile ya Vidocq.

Kwa hivyo ukipata ujumbe kama huo, uliza swali moja, "Pesa gani?", kisha umpigie mhusika kwa nambari unayoijua wewe. Ukiuliza hivyo, unamlazimisha mwandishi aikamilishe nusu yake mwenyewe, na hawezi. Anayejitambulisha kuwa wa Safaricom na hapigi kwa 0722 000 000 mkatie. Ujumbe wa kitapeli usambaze kwa 333, na kama umetuma kimakosa, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja, kabla ya mpokeaji kuzitoa. Jirani yangu alisubiri hadi asubuhi kwa kuona haya, na pesa zilikuwa zimeshatolewa.

Juma lijalo nitageukia istilahi zenyewe, na kujaribu kueleza kwa nini baruapepe imeshika midomoni mwa watu ilhali nywila ingali inababaika mlangoni.