Mtungi wa Marehemu na Wajumbe wa Abdul-Qays



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya swala ya Alasiri mama mmoja wa hapa Maguu alinisubiri nje ya msikiti. Yeye amesilimu ukubwani. Mama yake mzazi amefariki, na katika kugawana vyombo ndugu zake wamempa mtungi mkubwa wa udongo. Ndani ya mtungi huo marehemu alilaza komoni miaka na miaka, na fedha ya komoni ndiyo iliyomlipia binti yake ada ya shule. Sasa kuna Muislamu mwenzetu amemwambia auvunje, kwamba chombo cha pombe ni najisi milele. Akaniuliza, "Shehe, kweli nivunje mtungi wa mama?"

Nikamwambia anipe siku mbili. Haya ndiyo niliyomjibu, nanyi someni.

Watu wa Madina walikuwa na desturi ya kuloweka tende au zabibu katika maji wapate kinywaji kitamu. Kinaitwa nabidhi, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikinywa. Lakini Ibn Abbas (R.A.) anatueleza kuwa kikifika siku ya tatu jioni, kilichobaki hakikunywewa tena, kilimwagwa. Mnaelewa kwa nini. Tende zile zile, maji yale yale, ukiyaacha yakae yanageuka. Mama zetu wa Umatengo wanaijua elimu hii bila kusoma kitabu: togwa ya leo anapewa mtoto, ukiilaza siku kadhaa si ya mtoto tena.

Basi wakaja wajumbe wa kabila la Abdul-Qays kutoka Bahrain, ambayo zama hizo lilikuwa jina la pwani yote ya mashariki ya Arabuni. Mtume (S.A.W.) akawafundisha nguzo za dini, kisha akawakataza kuloweka nabidhi katika vyombo vinne: kibuyu, gogo la mtende lililochimbwa, chombo kilichopakwa lami, na hantam, yaani mtungi wa udongo uliong'arishwa kwa rangi ya kijani. Mtu atauliza, udongo una kosa gani? Wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wamelifafanua vizuri. Kiriba cha ngozi hakifichi siri: kinywaji kikianza kulevya, ngozi inavimba na kupasuka. Mtungi mgumu uliozibwa unanyamaza tu. Unakunywa ukidhani ni nabidhi, kumbe ni ulevi.

Ulevi wenyewe uliharamishwa hatua kwa hatua, kuanzia Suratul-Baqara aya ya 219, kisha An-Nisaa aya ya 43, hadi Al-Maida aya ya 90 na 91. Siku hukumu ya mwisho ilipotangazwa, Anas bin Malik (R.A.) alikuwa kijana anayewanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha. Abu Talha akamwambia ainuke aivunje ile mitungi. Anas akachukua jiwe la kutwangia akaipiga mpaka ikavunjika. Masimulizi mengine yanasema pombe ilitiririka katika njia za Madina. Hata pombe iliyorithiwa na mayatima, Abu Talha alipouliza, aliambiwa aimwage.

Wengi wetu tunaishia hapo, kwenye vigae. Lakini hadithi ya Buraida aliyoipokea Imam Muslim inaendelea: baadaye Mtume (S.A.W.) aliruhusu vyombo vyote, akabakiza katazo la kila kinacholevya. Watu walikuwa wameshazoea, hofu ya mtungi ikaondoka. Ama vyombo vya wasiokuwa Waislamu, Abu Tha'laba (R.A.) aliuliza habari hiyo hiyo, kwamba majirani wanavinywea pombe. Akajibiwa kwamba asipopata vingine avioshe kwa maji, kisha avitumie.

Nilipokuwa nayaeleza haya, kijana mmoja akadakia: gongo ikizikwa ardhini kwenye mtungi ikakaa miezi, si inakomaa na sumu inatoka? Nilisikitika, maana aliuliza kwa dhati. Mwanangu, kugema mvuke ni elimu ya zamani. Al-Kindi aliandika namna ya kutengeneza marashi kwa njia hiyo, na neno araki asili yake ni jasho, yale matone yanayotoka. Lakini methano ikishaingia katika pombe, udongo hauichuji. Novemba 2000 jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe waliyoiita kumi kumi, na wengine walipofuka. Na hapa kwetu gongo ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966, sheria ya watu wote, si ya Waislamu peke yao. Hata kama sumu ingetoka, ulevi ungebaki pale pale.

Mama yule alisikiliza yote, kisha akauliza lililokuwa moyoni: na ile ada? Nikamwambia alikuwa mtoto na hakuwa amesilimu, na Uislamu unafuta yaliyotangulia. Asimtukane mama yake kwa ajili ya komoni, na wala asimruhusu mtu mwingine amtukane. Aumwage masimbi, ausugue kwa maji mpaka harufu iishe, autumie.

Amesema atauweka jikoni, uwe wa maji ya kunywa.

Wallahu a'lam.