Uzee wa Mtumishi wa Leta: Pensheni na Mageuzi Yake Butembo na Beni

Malipo ya uzeeni ya watumishi wa serikali nchini Kongo huzungumzwa mara nyingi kama suala la sheria. Katika makala hii fupi tunadai kwamba, likitazamwa kutoka Butembo na Beni, ni suala la fedha iliyokufa na la makaratasi.

Dekreti ya Wabelgiji ya tarehe 6 Juni 1956 iliwawekea wafanyakazi wa Kikongo pensheni, na mwaka 1961 mifuko ya kikoloni iliunganishwa ikawa INSS. Lakini INSS haikuwahusu watumishi wa Leta (neno tulilolitohoa zamani kutoka Kifaransa, nalo limedumu kuliko sarafu zetu). Mwalimu na karani hawakuchangia. Pensheni yao ilitoka moja kwa moja katika hazina, na kwa hiyo ilitegemea siha ya hazina.

Nayo hazina iliugua. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za kale. Mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Msomaji na apige hesabu: faranga moja kwa zaire bilioni 300 za kale.

Mwaka huohuo wa 1998 vita vilizuka, na baadaye Beni ikawa makao ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi hadi mwaka 2003. Ushuru wa Kasindi haukufika Kinshasa, wala mishahara ya Kinshasa haikufika huku. Wazazi ndio waliomlipa mwalimu. Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo: pensheni ilikadiriwa kwa mshahara wa msingi, ambao ulikuwa mdogo mno, ilhali fedha ya wazazi ilikoma mwalimu alipoacha chaki. Vijana waliokosa ajira waliwalaumu wazee waliong'ang'ania kazi. Kwa maoni yetu lawama hiyo haikuwa ya haki. Malipo ya wazazi yenyewe yaliondolewa katika shule za msingi za umma mwaka 2019.

Mageuzi yalikuja yakisukumwa pia na Benki ya Dunia, iliyotaka utumishi uliopata damu mpya. Dekreti ya tarehe 14 Desemba 2015 iliunda CNSSAP, mfuko unaochangiwa na mtumishi pamoja na serikali. Sheria ya mwaka 2016 iliweka umri wa kustaafu kuwa miaka 65. Na sheria ya Julai 2022 ikauwekea mfuko huo utaratibu maalumu.

Hatupingi msingi wake. Ila mfuko wa michango huuliza nani alichangia, lini, na kwa cheti gani. Miaka ya 1998 hadi 2003, ambayo hapa kwetu haikuwa hata na mshahara, itajibiwa vipi? Na yule aliyekimbia mauaji ya Beni, yaliyoanza Oktoba 2014, aliondoka usiku na wajukuu mkononi. Barua yake ya kuajiriwa ilibaki sandukuni.