Kunuka na Kunukia: Historia Fupi ya Harufu ya Uzee

Miaka michache iliyopita tuliwapa wanafunzi wetu wa sekondari, hapa Jinja, insha yenye kichwa "Nyumba ya Wazee Wetu". Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba chumba cha bibi yake, au jaja kama wengi wetu hapa Uganda tusemavyo, "kinanukia moshi, samli na dawa ya kuchua". Tulichukua kalamu nyekundu, tukaikata ile i, na pembeni tukaandika: "kinanuka". Kwetu sisi kanuni ilikuwa wazi. Chenye harufu nzuri hunukia, chenye harufu mbaya hunuka. Na moshi na dawa ya kuchua si manukato. Siku ya pili yake mtoto yule alikuja katika chumba cha walimu, daftari mkononi, akasema kwa adabu: "Samahani mwalimu, sikukosea. Mimi ile harufu naipenda."

Hatukuwa na jibu. Tulimrudishia alama yake, lakini swali lilibaki nasi. Ni nani aliyetuambia kwamba nyumba ya mzee hunuka?

Makala haya yametokana na alama ile moja. Tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wanadamu, katika zama na nchi mbalimbali, walivyoifikiria harufu ya miili na ya nyumba, na jinsi hatimaye harufu ya uzee ilivyopata jina lake. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya aibu iliyofungamana na harufu hiyo haikuanzia puani. Ilianzia katika maneno.

Harufu kama heshima

Tuanze na pwani, kwa kuwa ndiko lugha yetu ilikokulia. Biashara ya vitu vya kunukia katika bahari yetu ni ya kale sana. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinataja ubani uliopakiwa majahazini katika bandari za pwani ya Somalia. Ibn Battuta naye, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipokewa kwa tambuu na popoo, kisha akanyunyiziwa marashi ya mawaridi yaliyotoka Dameski. Mgeni alitiwa harufu njema kabla hajaulizwa haja yake.

Desturi hiyo ilienea katika maisha yote ya Mswahili wa pwani. Nguo zilifukizwa kwa udi na ubani juu ya chetezo. Bibi arusi alisingwa kwa liwa, akavaa kikuba cha asumini na rehani. Maiti, baada ya kuoshwa, alitiwa karafuu maiti. Tangu arusini hadi kaburini harufu ilikuwa zawadi ambayo mtu hupewa na wenzake. Tena msomaji azingatie jambo hili: aliyejua kuchanganya udi na kumfundisha mwari namna ya kujifukiza alikuwa kungwi, yaani mwanamke mtu mzima, mara nyingi bibi mwenye mvi. Katika mambo ya harufu mzee hakuwa mshtakiwa. Alikuwa mwalimu.

Wala bara hatukuwa watupu. Wafugaji wa Ankole wamezoea kuvifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa nyasi maalumu, hata maziwa yenyewe yakachukua harufu yake. Kwao moshi si uchafu, bali ni sehemu ya usafi. Huenda yule mwanafunzi wetu aliijua hekima hiyo kuliko tulivyoijua sisi.

Hatusemi kwamba wazee wetu hawakuijua harufu mbaya. Kiswahili kina uvundo, kina shombo ya samaki, kina kikwapa na kutuzi. Lakini msomaji akiyachunguza maneno haya ataona kwamba yanataja kitu au kiungo: kilichooza, samaki, kwapa. Hatukumbuki neno la Kiswahili lililotengwa kwa ajili ya harufu ya umri. Wahenga hata walidiriki kusema kwamba mavi ya kale hayanuki. Walikusudia mambo yaliyopita, hatuna shaka; hata hivyo yafaa kukumbukwa kwamba katika methali hiyo ukale hauongezi uvundo, bali huuondoa.

Harufu kama hatia

Huko Ulaya fikra zilichukua njia nyingine. Kwa karne nyingi waganga waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa mbaya. Jina lenyewe la malaria limetokana na maneno ya Kitaliano yenye maana hiyo. Edwin Chadwick, aliyeandika taarifa mashuhuri ya mwaka 1842 juu ya afya ya watu maskini wa Uingereza, alifika mbali zaidi: mwaka 1846 aliieleza kamati ya Bunge kwamba kila harufu kali ni ugonjwa. Katika kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka kwa kinyesi hata Wabunge wakashindwa kuvumilia, na London ikajengewa mfumo mpya wa mabomba ya maji machafu.

Kazi hiyo iliokoa maisha ya wengi, ingawa nadharia iliyoisukuma ilikuwa na kosa. John Snow alikuwa ameonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu kilienezwa na maji, na katika miaka ya 1883 na 1884 Robert Koch alikitambulisha kijidudu chake. Basi harufu ikaachiliwa huru katika mashtaka ya kuua. Ila haikuachiliwa katika mashtaka ya aibu. Mtu aliyenuka aliendelea kuhesabiwa kuwa mtu duni, na kwa kuwa aliyenuka mara nyingi alikuwa maskini, asiye na maji wala nafasi, umaskini wenyewe ukaonekana kana kwamba ni tabia mbaya.

Kisha wakaja wafanyabiashara. Mwaka 1919 gazeti moja la wanawake la Marekani lilichapisha tangazo la Odorono, dawa ya kuzuia jasho la kwapa. Tangazo lile liliwaambia wanawake kwamba yawezekana wananuka na wasijue, na rafiki zao wasiwaambie. Wasomaji kiasi cha 200 walikasirika wakaacha kulinunua gazeti. Lakini mauzo ya dawa yalipanda. Katika miaka ya 1920 Listerine, dawa iliyobuniwa mwaka 1879 kwa ajili ya kuua vijidudu katika kazi za upasuaji, ilitangazwa kuwa tiba ya harufu ya kinywa. Watangazaji hawakuiita harufu ya kinywa. Walilitafuta neno la kitabibu, "halitosis", watu wakadhani wamepata ugonjwa. Hapo ndipo dunia ilipojifunza somo kubwa la biashara: ukitaka kuuza dawa, kwanza tafuta jina la kuogopesha.

Uzee wapewa jina

Somo hilo lilifika Japani mwishoni mwa karne ya 20. Kampuni ya vipodozi ya Shiseido ilikuwa ikichunguza harufu za mwili, na mwaka 1999 ikaleta neno jipya: "kareishu". Neno hili huandikwa kwa alama tatu. Mbili za kwanza zina maana ya kuongeza umri. Ya tatu ni harufu, lakini ile harufu isiyopendeza. Wajapani wana alama nyingine kwa harufu nzuri. Yaani nao wana kunuka na kunukia kwao, na katika kuubatiza uzee walichaguliwa kunuka.

Mwaka 2001 wachunguzi wa kampuni hiyo walichapisha matokeo yao. Waliwavisha mashati watu wenye umri wa miaka 26 hadi 75, wakayapima mashati hayo kwa mitambo, na wakakuta kitu kiitwacho nonenali katika mashati ya wale waliotimiza miaka 40 au zaidi tu. Walieleza kwamba umri unapoongezeka mafuta fulani ya ngozi huongezeka pia, nayo yakikutana na hewa hugeuka harufu, kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi. Nonenali hiyo hiyo imo katika harufu ya tango lililokatwa, na katika bia iliyokaa mno. Neno "kareishu" lilienea upesi katika mazungumzo ya Wajapani, na sabuni na manukato ya kuiondoa yakajaa madukani.

Sisi tunaoandika haya tumekwisha kuvuka miaka 40. Tunakiri kwamba siku tuliposoma habari hizi kwa mara ya kwanza tulinusa kola ya shati letu. Tulipata harufu ya chaki.

Mwaka 2012 jambo hili lilipimwa tena, safari hii kwa pua za watu. Wataalamu wa Kituo cha Monell, mjini Philadelphia, waliwapa watu wa rika tatu fulana zenye vitambaa kwapani: vijana wa miaka 20 hadi 30, watu wazima wa miaka 45 hadi 55, na wazee wa miaka 75 hadi 95. Walilala nazo siku tano. Vitambaa vikapelekwa kwa vijana wanuse bila kuambiwa ni vya nani. Vijana waliweza kwa kiasi fulani kuitambua harufu ya wazee, na hiyo ni dalili kwamba harufu hiyo ipo. Lakini waliihukumu kuwa hafifu na isiyochukiza sana kuliko zile nyingine. Iliyokuwa kali na mbaya kupita zote ilikuwa ya wanaume wa makamo.

Tuseme hivi basi. Pua, ikiachwa peke yake, haimchukii mzee. Inamchukia baada ya kuambiwa.

Nyumba na mlinzi wake

Pengine msomaji atauliza: mbona baadhi ya nyumba za wazee zina harufu nzito kweli? Swali ni la haki, na jibu lake linatuhusu sisi watoto wao.

Mwaka 1984 Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya kupima pua za watu 1,955, wa miaka 5 hadi 99. Zaidi ya nusu ya wale wa miaka 65 hadi 80 walikuwa wamepungukiwa sana na uwezo wa kunusa. Kwa waliozidi 80 walikuwa zaidi ya robo tatu. Mzee basi haoni kwamba godoro limeota koga au kwamba chakula kimechacha, si kwa uzembe, bali kwa kuwa mlinzi wa nyumba yake amelala. Ongeza magoti yasiyoweza kuchota maji, dirisha lisilofunguka, na nguo zilizofungiwa sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Harufu hiyo ni ya kazi iliyokosa mtu wa kuifanya. Na ikitokea harufu mpya ya ghafla, ya mkojo au ya kidonda, hiyo ni habari ya kupelekwa kwa daktari, si ya kunong'onezana.

Haya hatuyasemi kwa kusoma tu. Mama yetu mzazi, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akiwapokea wageni wote barazani, hata siku za mvua. Tulidhani anapenda upepo. Jirani ndiye aliyetueleza kwamba siku moja mjukuu aliingia chumbani, akaziba pua, watu wakacheka. Na tangu siku hiyo mama hakumkaribisha mtu ndani. Tulikwenda mwisho wa juma. Tulilitoa godoro juani, tukakuta ukuta wa nyuma ya kitanda umelowa na kuota koga toka chini hadi juu. Tulifua chandarua na mapazia, tukaondoa misumari iliyozuia dirisha, tukaziba paa lililokuwa likivuja. Kazi yote ilichukua siku mbili. Ilikuwa imengoja miaka mitatu. Jioni ya siku ya pili mama alisimama mlangoni akauliza: "Sasa wageni waweza kuingia?" Tukamwambia waweza. Aliuliza mara ya pili, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kunusa ili ajue.

Hitimisho

Walimu wenzetu, tumezoea kufundisha kunuka na kunukia kama jozi ya maneno ya kukariri. Tunatoa rai tuifundishe kwa uangalifu zaidi. Kunukia ni umbo la kutendea. Kama vile kuimba kunavyozaa kuimbia, ndivyo kunuka kunavyozaa kunukia, na kauli hiyo hudokeza kwamba kuna mtu anayetendewa. Twaweza kusema kuwa kinachonukia kinamnukia mtu fulani, naye amekikubali. Hivyo neno hili linamtaja anusaye pamoja na kinachonuswa.

Mtoto yule wa Jinja aliijua kauli ya kutendea kuliko mwalimu wake. Moshi, samli na dawa ya kuchua vilimnukia kwa kuwa ni bibi yake aliyekaa humo. Nasi tusilipokee neno la "harufu ya uzee" kutoka lugha za nje na kuliingiza katika vitabu vyetu kana kwamba ni jina la ugonjwa. Wahenga walituagiza kwamba nyumba njema si mlango, tufungue tuingie ndani. Tukishaingia kwa mzee na kukuta hewa nzito, tufungue na dirisha.